Goma ni mji wa ziwa, lakini njia ya kufika ziwani inazidi kuwa nyembamba

Mgeni anayefika Goma husikia habari za vitu vitatu: volkano, vita na ziwa. Volkano na vita vinamfuata mkaaji mpaka mlangoni kwake. Ziwa ndilo analopaswa kulifuata yeye, na mwaka hadi mwaka njia za kulifikia zinapungua.

Mtu akitembea kutoka Barieri Kubwa, kwenye mpaka wa Rwanda, akielekea magharibi kupitia kata za Volcans, Himbi na Keshero hadi Kituku, ziwa Kivu liko mkono wake wa kushoto safari nzima. Lakini analoona kwa sehemu kubwa ni ukuta: mawe meusi ya lava, juu yake waya wa miba, kisha geti la chuma na mlinzi, kisha ukuta mwingine. Hapa na pale kuna uchochoro kati ya viwanja viwili, na ndani ya uchochoro huo kunapita watoto wenye bidoni za njano, wamama wenye mabeseni ya nguo, na chukudu moja inayopandisha maji. Uchochoro huo ndio ziwa la mtu wa kawaida. Ukizibwa, kwake ziwa limekwisha.

Goma ni mji wa watu wa kazi za mikono. Ni wasukuma chukudu, wabeba mizigo, mafundi wa kuchomelea vyuma, wamotari, wauza sambaza, wachonga mawe ya lava ambao nusu ya mji umejengwa kwa jasho lao. Hata sanamu kubwa ya mji, pale kwenye rond-point ya Chukudu, ni ya mtu aliye kazini. Ni mji pia unaojua kupumzika bila pesa nyingi. Jumapili, baada ya misa na ibada, vijana wa Majengo, Mabanga na Katoyi wanashuka ziwani kwa makundi. Ziwa Kivu halina mawimbi ya kupanda kwa ubao kama yale ya bahari, na hakuna aliyeyaomba. Bidoni tupu ya litre 20 iliyofungwa kizibo vizuri inatosha kumfundisha mtoto kuelea. Mamba hakuna, kiboko hakuna. Kuna mawe ya kukalia, nguo zinazokauka juani, na stori zisizokwisha.

Raha hiyo isiitwe uvivu. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukasimama, na watu wengi wakapoteza kazi katika mashirika, maduka na ofisi. Baba asiye na mshahara hawezi kupeleka watoto kwenye hoteli ambako soda moja inalipwa kwa dola. Ziwa limebaki kuwa mahali pekee ambapo familia inaweza kukaa alasiri nzima bila kuulizwa pesa. Kumfungia mtu huyo njia ya ziwa ni kumnyang'anya kitu cha mwisho ambacho vita haikufika kukichukua.

Na si raha tu. Goma imejengwa juu ya lava. Hakuna mto unaopita katikati ya mji, na mvua ikinyesha maji yanazama katikati ya mawe na kupotea. Maji ya Regideso yenyewe yanavutwa kutoka ziwani kwa pompi. Umeme ukikatika, pompi zinasimama, na mji mzima unarudi ziwani kwa miguu. Ndivyo ilivyokuwa katika siku za mapigano ya Januari 2025: umeme na maji vilikatika, na maelfu ya watu wakashuka na bidoni, wengine wakiwa wametembea kilomita kadhaa huku risasi bado zinasikika. Mashirika ya misaada yalitoa onyo juu ya kolera, na wazee wa Goma hawakuhitaji kuelezwa. Wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache na kolera ikaua makumi ya maelfu.

Hapo ndipo ubaya wa kuta unapoonekana wazi. Njia zikiwa kumi, watu wanajigawa: hapa wanachota, kule wanafua, kule mbali wanaoga. Njia zikibaki tatu, kila kitu kinafanyika mahali pamoja. Mama anachota maji ya kunywa hatua chache kutoka kwa anayeosha pikipiki, na mtoto anaruka majini katikati yao. Hakuna mafundisho ya usafi yatakayosaidia ikiwa nafasi yenyewe haipo. Msichana anayekwenda kuchota alfajiri, kabla ya msongamano, analazimika kupita peke yake katika uchochoro wa giza kati ya kuta mbili ndefu, na kila mzazi wa Keshero anajua maana ya hofu hiyo.

Kituku ni mfano mkubwa zaidi. Hapo ndipo chakula cha mji kinaposhukia: ndizi, mihogo na maharagi ya Minova na Kalehe, mananasi ya Idjwi. Barabara ya Sake kwenda Minova ilipokatwa na vita mwanzoni mwa 2024, ziwa ndilo lililobeba abiria na magunia ya upande wa kusini. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo, mashua MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, watu waliokuwa bandarini wakiiona. Makumi ya watu walikufa. Kulizungumzwa sana, na kwa haki, juu ya mashua kujazwa kupita kiasi na ukosefu wa jile za kuokolea. Kulizungumzwa kidogo mno juu ya bandari yenyewe, ukanda mwembamba ambapo abiria, samaki, magunia, wachota maji na waogaji wanasukumana kila siku. Mji wenye zaidi ya watu milioni moja unapitisha maisha yake mengi katika tundu la sindano, ilhali upande wa kulia na wa kushoto kuna bustani zenye nyasi zilizokatwa vizuri hadi kwenye maji.

Kuta hizo hazikuota usiku mmoja. Wakati wa ukoloni wazungu walijiwekea kando ya ziwa, na Waafrika wakapangwa juu, upande wa Birere na Mapendo. Baada ya uhuru wakubwa wa serikali walirithi mahali pale pale. Mobutu mwenyewe alikuwa na makao yake kando ya maji. Baada ya 1994 yakaja mashirika ya kigeni na walinda amani, kodi za nyumba zikapanda, na kila mwenye pesa, awe mfanyabiashara wa madini au mwanasiasa, akataka dirisha linaloangalia ziwa. Januari 17, 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuingia ziwani. Ilichoma nyumba za matajiri na za maskini bila kuuliza hati. Ingekuwa nafasi ya kupanga upya kando ya ziwa, lakini mji ulijijenga juu ya lava ile ile, kwa haraka, kila mtu kwa nguvu zake, na mwenye nguvu akajenga mbele. (Mtu wa Bukavu akisoma haya atasema kwao pia ni hivyo. Ni kweli, na kwao nafasi ni ndogo zaidi.)

Ajabu ni kwamba sheria ya nchi haiko upande wa kuta. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inasema udongo ni mali ya taifa, na kwamba kitanda cha ziwa ni mali ya taifa hadi mstari ambao maji yanafikia yanapojaa kwa kawaida. Mwenye kiwanja amepewa haki ya kukaa juu ya ardhi, hakupewa ziwa. Ukuta unaoshuka hadi ndani ya maji, na uko zaidi ya mmoja, umesimama juu ya mali ya watu wote. Nchi jirani zimekwenda mbele zaidi. Tanzania, katika sheria yake ya mazingira ya 2004, ilikataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa au mto. Rwanda imeweka mita 50 kando ya maziwa yake.

Mkaaji wa Goma haitaji kusoma sheria hizo ili kuona tofauti. Anavuka barieri na kuingia Gisenyi. Kwa ziwa lile lile na maji yale yale, anakuta barabara ya mitende na plaji ambapo mtu yeyote anatembea, anakaa kwenye mchanga, anaogelea, anaondoka. Huko Dar es Salaam, Coco Beach iko katikati ya mtaa wa matajiri wa Oysterbay, na bado Jumapili mtu wa Manzese anafika kwa daladala, anakula mihogo ya kukaanga, anatia miguu majini na kurudi kwake. Palikuwa na ugomvi wa miaka mingi juu ya kujenga hapo, na wakaaji walisimama. Nchi zile si paradiso, na Gisenyi nayo ina hoteli zake. Lakini kule tajiri na maskini wanaangalia maji yale yale kutoka mahali pamoja.

Wenye viwanja wana majibu yao, na baadhi yana uzito. Wanasema walinunua kwa pesa nyingi na hati wanazo. Wanasema hoteli zinalisha wapishi, walinzi, wafua nguo na wavuvi wanaowauzia samaki, jambo ambalo ni kweli. Wanasema njia ya wazi inaleta wezi, na katika mji ambao watu wanauawa usiku hakuna atakayewacheka kwa kujenga ukuta. Wanasema pia ziwa ni hatari: mwambao wa lava unashuka ghafla, hatua mbili na mtu hana chini, na upande wa Lac Vert na Bulengo kuna mazuku, ile hewa nzito isiyoonekana inayolala katika mashimo asubuhi ambapo upepo haujaamka, na ambayo imeua watu na mifugo.

Lakini hatari hiyo inamkuta zaidi mtoto asiye na mahali pa kuogea panapojulikana. Akifukuzwa mahali pa wazi, anatafuta mwamba wa mbali ambapo hakuna mtu mzima wa kumwona akizama, au anaingia kwenye korongo ambalo hakuna aliyeweka alama ya mazuku. Kuhusu wezi, uchochoro wenye taa na watu wanaopita mchana kutwa ni salama kuliko ukuta mrefu ambao nyuma yake hakuna anayejua kinachotendeka. Na kuhusu hati, hakuna anayedai nyumba zibomolewe. Kinachodaiwa ni njia, na njia si kitu kikubwa. Upana wa chukudu mbili zinazopishana unatosha.

Kuna watakaosema huu si wakati wa habari za plaji: kuna njaa, kuna mazungumzo ya amani yasiyoeleweka yanaishia wapi, kuna wakimbizi waliofukuzwa kwenye kambi za Mugunga na Bulengo ambao hawajui walale wapi. Hata hivyo vipindi kama hivi ndivyo viwanja vinapobadilisha mikono bila kelele. Mwenye nyumba amekimbia, jirani anasogeza ukuta. Ofisi imebadilisha mkubwa, mhuri mpya unapigwa juu ya mhuri wa zamani. Vita ikiisha, atakayekwenda kudai uchochoro ataulizwa karatasi, na uchochoro hauna karatasi. Ndiyo sababu zinapaswa kuandikwa sasa, na kuandikwa na watu wa kata wenyewe, bila kungoja nani atakuwa na haki ya kuitwa serikali ya Goma.

Kazi yenyewe haihitaji mfadhili. Mashefu wa kata za Volcans, Himbi na Keshero, pamoja na wazee wanaokumbuka njia zilizokuwepo kabla ya 2002, wakitembea siku moja kutoka Barieri Kubwa hadi Kituku na kamba ya kupimia, watarudi na hesabu: njia ngapi zipo wazi, ngapi zilizibwa, na nani aliziziba. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kata na kwenye milango ya makanisa na misikiti. Atakayetaka kujenga juu ya njia iliyoandikwa hapo atajenga mbele ya macho ya wote. Kisha kila njia itenganishwe, upande wa kuchota na upande wa kufua, pawekwe mtu wa kutia klorini kwenye bidoni kama ilivyofanyika wakati wa kolera, na jiwe lipakwe rangi nyekundu kila mahali panapojulikana kuwa na mazuku. Kwa Kituku, wenye mashua na komite ya bandari wanaweza kuanza na jambo moja: kuwatoa wachota maji kwenye gati na kuwapa sehemu yao, hata kama ni mita ishirini, kabla mvua za Septemba hazijashusha tena uchafu wa mji mzima ndani ya maji wanayokunywa.