Joka la moto mezani, brashi mdomoni



Mama mmoja wa mtaa ameniuliza kama ni vibaya kijana wake kushinda chini ya mwembe akifinyanga majoka ya udongo na kuyapaka rangi ya moto. Majirani wameanza kunong'ona. Jibu langu ni fupi: uchawi haumo, na tusimpe mtoto jina baya kwa sababu ya joka la udongo. Ni mchezo wa mezani. Uingereza kuna mmoja, Warhammer, ulioanza mwaka 1983: watu wazima wenye ndevu zao wanapanga majeshi ya sanamu ndogo, nyingi hazizidi urefu wa kidole, wanarusha dadu, na wako wanaopenda kupaka rangi kuliko kucheza. Sanamu za plastiki bei yake ni kali. Watoto wetu wameziona kwenye simu, wakaenda kuchukua udongo wa Lukuga. Afadhali hivyo.

Kinachowashinda ni moto wenyewe. Wanapaka nyekundu chini na njano kwenye ncha, kisha wanashangaa joka linaonekana limevaa majani. Mwite mtoto jioni ukiwasha kuni, atazame. Karibu na ukuni ndipo kunang'aa, njano karibu nyeupe. Ukipanda, inakuwa rangi ya chungwa, nyekundu ni huko mwisho, halafu moshi. Basi sanamu ikauke kivulini siku kadhaa (juani itapasuka), ipakwe nyeupe kwanza, maana njano juu ya udongo mweusi haionekani. Njano ifuate kwenye moto wote, chungwa kuanzia katikati, nyekundu kwenye ncha tu, na masizi kidogo. Tena kifua na kidevu cha joka, upande unaotazama moto, vipate chungwa nyepesi sana. Mgongo ubaki na giza. Hapo ndipo utaona linawaka.

Sasa neno lililonifanya niandike. Kazi ndogo hivyo inataka brashi yenye ncha kali, na mtoto anainoa kwa midomo. Anapaka, analamba, anapaka tena. Kule New Jersey, Marekani, wakati wa vita ya kwanza ya dunia na baada yake, wasichana walipaka namba za saa kwa rangi ya radiamu inayong'aa gizani. Walifundishwa kunoa brashi mdomoni, wakaambiwa haina madhara. Mataya yao yalioza, wengine wakafa. Watano walishtaki kiwanda, na kesi ikaisha kwa malipo mwaka 1928. (Radiamu si ngeni kwetu: kuanzia miaka ya 1920, madini ya Shinkolobwe kule Katanga yalipelekwa Ubelgiji ili itolewe.)

Mtoto wetu hana radiamu. Ana kopo la rangi ya mafuta lililobaki baada ya baba kupaka mlango au mtumbwi. Rangi hizo za mafuta, hasa njano, chungwa na nyekundu zinazowaka, mara nyingi zinatiwa risasi, ile plomb ya betri za gari. Yaani rangi zote za moto! Shirika la OMS linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala kutapika kwa kukuonya. Unaona tu masomo yanamshinda. Kwa mama mwenye mimba, risasi iliyolala mifupani mwake inatoka na kumfikia mtoto tumboni. Na kopo lisiloandikwa kitu, usimwamini muuzaji kwa maneno. Vijana wanaoyeyusha risasi ya betri ili wamimine sanamu, wakatazwe leo. Moshi wake ni mbaya kuliko rangi.

Rangi za nyumbani zinatosha. Nyeupe ni chaki iliyosagwa, njano ni manjano ya kupikia, nyekundu ni udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa, nyeusi ni makala. Chungwa wachanganye wenyewe. Kila rangi ikorogwe na uji mwembamba wa unga wa muhogo, ili ishike. Brashi ichongwe kwa kijiti cha kiberiti, au wafunge nywele chache kwenye kijiti, na ncha inolewe kwenye kitambaa chenye maji. Hata kwa rangi hizi, mdomoni hapana, maana desturi ikishaingia haichagui kopo. Wasipakie pale unapokatia sombe, na wanawe mikono kabla ya kula. Wakila ndakala nzima na mifupa yake, vizuri pia: chokaa iliyo ndani yake inapunguza risasi inayoingia mwilini.

Manjano yanapauka upesi juani. Joka likae ndani, mbali na dirisha.