Maji ya Oksijeni Kabla ya Kazi ya Meno

Huenda mmekwisha kuyaona haya: mganga wa meno, kabla hajashika koleo lake, humpa mgonjwa kikombe kidogo cha dawa, humwambia asukutue, asimeze, kisha ateme. Mara kinywa chajaa povu jeupe. Wengine huogopa. Wengine hufurahi mno, husema, “Tazama, ugonjwa watoka!” Kisha hununua chupa yao sokoni, wala hawarudi tena kwa mganga. Hao wa pili ndio wanaotutia wasiwasi.

Dawa hiyo ni maji ya oksijeni, yaliyogunduliwa na Mfaransa Louis-Jacques Thénard mwaka 1818. Yafanana na maji ya kunywa, ila yana oksijeni zaidi, nayo haitulii ndani yake. Yanapogusa damu au mate, oksijeni hutoka kwa mapovu, yakabaki maji matupu. Basi povu si ugonjwa unaotoka. Hata kinywa cha mtu mzima kabisa hutoa povu.

Mbona basi mganga huyatumia? Mashine yake ya kutoboa jino huzunguka kwa kasi kubwa, ikirusha hewani vitone vya mate na damu vyenye vijidudu, navyo humfikia usoni. Kusukutua hupunguza vijidudu hivyo kwa kitambo kidogo. Wakati wa maradhi ya COVID-19, mwezi wa Agosti 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri wagonjwa wasukutue sekunde 20 kwa maji hayo yenye nguvu ya asilimia 1, au kwa dawa ya iodini. Lakini katika majaribio ya maabara maji ya oksijeni yalionekana dhaifu mbele ya kirusi hicho, na iodini ikafanya vizuri zaidi. Kwa hiyo mganga akikupa dawa nyingine, au asipokupa yoyote, usidhani amekunyima haki yako.

Jino lililooza halitengenezwi na povu. Usaha uliojificha chini ya mzizi haufikiwi na dawa ya kusukutua, hata ukisukutua mwezi mzima. Shavu likivimba, homa ikipanda, kumeza kukawa shida, mpelekeni mgonjwa hospitali siku ile ile. Hali hiyo yaweza kuua.

Tena, wazazi, someni namba iliyoandikwa juu ya chupa. Yale ya kuoshea vidonda huandikwa 10 vol., yaani asilimia 3, nayo kwa kinywa huongezwa maji safi kwa kipimo cha mganga. Yale ya 20 na 30 ni ya kugeuza rangi ya nywele, hayaingii kinywani kamwe. Yale ya asilimia 35 huunguza koo na tumbo, na hewa yake ikiingia katika damu yaweza kumwua mtoto aliyeyameza. Msiyamimine katika chupa ya limonadi! Yaacheni katika chupa yake nyeusi, mbali na mwanga na mikono ya watoto. Mtoto asiyejua kutema asisukutuliwe nayo.

Jino likisha kung'olewa, msisukutue kwa nguvu siku hiyo nzima, wala kwa maji ya oksijeni wala kwa maji ya chumvi. Bonge la damu lililoziba shimo ndilo kifuniko cha kidonda. Likitoka, mfupa hubaki wazi, na maumivu yake hushinda yale ya jino lenyewe.