Mstaafu mgonjwa na kadi ya pili

Na Masanja Lugembe

Kiinua mgongo kikitoka, wageni huongezeka. Wa kwanza ni ndugu, wa pili ni wakala wa bima. Hapa Bariadi nilimkuta wakala akimshawishi mwalimu mstaafu, mwenye saratani ya tezi dume, akate bima ya ziada. Mwalimu alishashika kalamu. Nikamwomba wakala atuonyeshe ukurasa unaozungumzia ugonjwa ambao mteja alikuwa nao kabla ya kujiunga. Akasema ataleta kesho.

Tuanze na alichonacho mwalimu. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3. Akistaafu akiwa ametimiza masharti ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kukatwa tena. Kampuni binafsi za bima huuliza ugonjwa ulianza lini, na nyingi huuliza na umri. Ukiwa na miaka 60 na saratani juu, unaweza kulipa ada nzito kwa bima inayouruka ugonjwa wenyewe.

Pengo la mwalimu liko njiani. Akipewa rufaa ya mionzi hospitali ya Bugando, anapanda basi alfajiri: Lamadi, Magu, Mwanza. Mionzi kwa kawaida hupigwa siku tano za wiki, kwa wiki kadhaa, na hakuna wa kwenda na kurudi Bariadi kila siku. Chumba, chakula, nauli ya mke anayemuuguza, vyote vinatoka mfukoni. Ile ada ya wakala aiweke kwa ajili ya Mwanza. Kadi yake na ya mkewe azihakiki sasa hivi; majina yakipishana na ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, dirisha la hospitali si mahali pa kuanza kurekebisha.

Wajukuu anaowalea, kadi ya mstaafu haiwabebi. Hao walikuwa wa bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF iliyoboreshwa tuliyoizoea: Sh30,000 kwa mwaka, kaya ya watu 6, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa.

Lakini mkulima wa pamba wa Itilima aliyepata saratani hiyohiyo, kadi yake ilikuwa CHF, na Bugando ilikuwa nje ya mipaka yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa 2023, ndiyo inayopaswa kuziba pengo hilo. Mkulima huyu hana kiinua mgongo wala mwajiri wa kumwongezea asilimia 3, na wakala hamfuati. Mimi ningeanza kuitekeleza kwake.