Tovuti za biashara ziandikwe kwa maneno ya wanunuzi

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa huuza mashine za kuangulia vifaranga mjini Nakuru, alinijia ofisini mwaka jana na ombi. Alitaka nimwandikie kwa Kiswahili maelezo ya tovuti ya biashara yake, kwani wateja wake wengi ni wakulima. Nilikubali kwa furaha, na si bila majivuno. Nilifungua makamusi, nikachagua istilahi “kiatamizi”, nikayapamba maelezo kwa nahau na tamathali, kisha nikamkabidhi kurasa tatu ambazo kwa maoni yangu zingestahili kutahiniwa chuoni.

Miezi minne baadaye alirudi. “Mwalimu,” akasema kwa ile heshima ya mtu anayeogopa kumkosoa aliyemfunza, “maandishi yako ni mazuri sana, lakini hakuna anayepiga simu.”

Tuliketi tukajaribu kuitafuta tovuti hiyo kama ambavyo mkulima angeitafuta. Tulipoandika “kiatamizi” ilijitokeza mara moja. Taabu ni kwamba mkulima haandiki neno hilo. Huandika “mashine ya kuangua vifaranga”, au “mashine ya kutotolesha mayai”, au “inkubeta” tu, kisha akaongeza neno moja zaidi: “bei”. Maneno hayo hayakuwamo hata mara moja katika kurasa zangu tatu. Bei nayo sikuitaja kabisa, nikidhani kuitaja kungeishusha hadhi ya maandishi.

Nalikiri kosa hili hadharani kwa sababu naamini si langu peke yangu. Sisi tunaofundisha lugha tumezoea kumwandikia msomaji ambaye hana budi kusoma: mtahini, mhariri, au mwanafunzi aliyeagizwa. Anayetafuta bidhaa mtandaoni hana wajibu wowote kwetu. Mwaka 1997 mtafiti Jakob Nielsen alichunguza jinsi watu wanavyosoma kurasa za mtandao, akapata kwamba asilimia 79 ya aliowachunguza walizipitia kurasa mpya kwa macho tu, wakidonoa neno hapa na pale, na asilimia 16 pekee ndio waliosoma neno kwa neno. Hivyo basi, aya yangu ya kwanza, iliyoanza na asili ya ufugaji, ilikuwa imekwisha kumfukuza mkulima kabla hajafika penye mashine.

Mitambo ya kutafutia habari nayo haina uchawi. Hupitia kurasa na kuyapanga maneno yake katika kitu kinachofanana na faharasa iliyo nyuma ya kitabu. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, jambo walilolizidisha ni kuhesabu viungo: ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingine zenye sifa ulichukuliwa kuwa umepigiwa kura. Tangu hapo vigezo vimeongezeka sana, lakini msingi haujabadilika. Kitabu ambacho hakina neno “kuangua” si rahisi kitajwe katika faharasa chini ya neno hilo.

Hapo ndipo walaghai walipoona mwanya. Palizuka kurasa zilizorudia neno moja mara arubaini, na nyingine zilizoficha maneno kwa kuyaandika kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Hila hizo zimepitwa na wakati. Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba haiyatumii kamwe maneno yale yaliyofichwa katika sehemu ya ukurasa iitwayo maneno muhimu kuamua nafasi ya ukurasa, na mwaka 2011 ikaanza kuzishusha tovuti zenye maandishi mepesi yasiyo na manufaa. Hata hivyo, bado naona kurasa za Kiswahili zinazosomeka hivi: “Kuku bora mashine ya kuku bei nafuu kuku Kenya.” Hiyo si sentensi. Mkulima anayekutana nayo hushuku, na ana haki ya kushuku, kwamba mashine yenyewe imeundwa vivyo hivyo.

Kosa linalonikera zaidi, lakini, ni tafsiri. Kampuni huandika maelezo kwa Kiingereza, kisha humtupia mtu au programu iyageuze. Matokeo yake ni “sisi ni viongozi katika kutoa masuluhisho”. Masuluhisho ya nini? Nimewahi kuona tangazo la mkopeshaji lililosema “tunakopa kwa riba ndogo”, yaani yeye ndiye mwenye shida ya fedha! Kiambishi kimoja kimegeuza biashara nzima. Vivyo hivyo, mwenye gari hukodisha na abiria hukodi; na mwenye nyumba anayetaka kusomwa Mombasa na Dar es Salaam akumbuke kwamba huku kwetu wengi husema “nyumba za kukodisha” ilhali jirani zetu husema “nyumba za kupanga”. Mambo haya hayahitaji mhandisi wa kompyuta. Yanahitaji mtu aliyesoma kauli za vitenzi na lahaja, yaani mwanafunzi wetu wa Kiswahili, yule anayeulizwa kila siku atafanya kazi gani na shahada yake.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba ninaisaliti lugha sanifu. La hasha. Nimefundisha “tarakilishi” na “rununu” kwa miaka mingi na sitaziacha. Ila anayetaka kununua simu huandika “simu”, na muuzaji aliyeandika “rununu” pekee amejificha. Neno la watu na litangulie katika kichwa na sentensi ya kwanza. Istilahi yetu ifuate, ili msomaji aijue akiwa tayari ameelewa.

Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, swali la lazima ni insha ya kiuamilifu. Wanafunzi huandika memo, barua rasmi, tangazo, na hata baruapepe. Wizara ya Elimu na watunga mitaala wangeupa ukurasa wa tovuti nafasi kamili miongoni mwa tungo hizo, nao walimu hawana haja ya kuwangoja. Mwagize mwanafunzi aende kwa fundi au muuza mbegu aliye jirani, asikilize wanunuzi wanauliza nini na kwa maneno gani, kisha aandike maneno 200 yanayojibu maswali hayo. Msahihishe kwa sarufi, na pia kwa swali hili: je, mnunuzi angejua bei, mahali na namna ya kupata bidhaa?

Mimi na mwanafunzi wangu tuliziandika upya zile kurasa baada ya kushinda siku nzima dukani mwake. Sasa zinaanza kwa kutaja mashine ya kuangua vifaranga, idadi ya mayai inayobeba na bei yake. Kisha zinaeleza, kwa kuwa hilo ndilo swali ambalo kila mkulima aliuliza, kinachotokea umeme ukikatika usiku kabla ya zile siku 21 kutimia. “Kiatamizi” bado kimo katika aya ya tatu. Nilimwomba akiache, naye kwa hisani yake akakubali.