Majeraha ya wasichana michezoni yasizimwe na vigelegele

Kila mwaka, muhula wa kwanza unapoanza, viwanja vya shule za upili huamka. Magongo, mpira wa vikapu, mpira wa mikono na riadha hushika zamu. Muhula wa pili huja na kandanda, voliboli na netiboli. Katika sehemu za Kitale na Bungoma, michezo hii si ya kupitisha wakati. Shule ya Wasichana ya Wiyeta, kaunti ya Trans-Nzoia, imejijengea jina katika kandanda, nayo Misikhu, kaunti ya Bungoma, imevuma kwa magongo. Sifa hizo zimetokana na jasho. Hata hivyo, kuna habari isiyosimuliwa siku kombe linapopokewa langoni kwa nyimbo: habari ya msichana anayerejea kwao akichechemea.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni lugha, na ni lugha iliyonizindua. Mchezaji akianguka, husemwa "ameumia". Kitenzi hicho kimoja hubeba mchubuko wa ngozi, kuteguka kwa kifundo, kukatika kwa kano ya goti na mtikisiko wa ubongo, vyote katika gunia moja. Kisha huja amri: "Jikaze!" Naye akiwa msichana, mara nyingi huongezewa neno la tatu: "Anadeka." Kwa maneno hayo matatu kesi imekwisha hukumiwa. Aliyechubuka na aliyekatika kano hupewa dawa moja, yaani maji baridi na kukandwa. Jeraha lisilotajwa kwa jina lake halitibiwi ipasavyo, wala haliandikwi popote. Na lisipoandikwa, mwaka ujao hakuna atakayekumbuka kwamba lilitokea.

Wataalamu wa tiba ya michezo wamethibitisha kwamba, katika michezo ya kukimbia, kuruka na kugeuka ghafla, kano ya katikati ya goti hukatika kwa wasichana angalau mara 2 zaidi ya wavulana. Sehemu ya sababu ni maumbile na namna magoti yanavyoelemea ndani mchezaji anapotua. Sehemu nyingine ni malezi: wengi wa wasichana huanza mazoezi ya kuimarisha misuli wakiwa wamechelewa, kisha hutakiwa kucheza mechi kadhaa kwa siku chache mfululizo ili mashindano yaishe upesi. Tuongezee viwanja vyenye mashimo ya fuko na changarawe, ambapo mpira wa magongo hugonga jiwe ukapaa hadi usoni. Kwa hakika, hapo ajali huwa imealikwa.

Mfano mmoja wafaa kukumbukwa. Mnamo Agosti 2019, kikosi cha wasichana wa Kenya wasiozidi umri wa miaka 19 kilishiriki mashindano ya dunia ya lakrosi mjini Peterborough, Kanada. Lakrosi ni mchezo wa fimbo yenye wavu mdogo nchani, nao utakuwa katika Olimpiki za Los Angeles mwaka 2028. Binti zetu walijikuta wakiteleza kwenye uwanja uliolowa kwa kukosa viatu vya njumu. Waliowaona na kuwahurumia walikuwa wapinzani wao: wachezaji wa Ubelgiji, kwa msaada wa wazazi wao, wakawanunulia viatu. Dunia ilisifu wema huo, nasi tukasifu pamoja nayo. Swali ambalo hatukujiuliza ni hili: ilikuwaje wafike huko, wakiwa na jina la taifa kifuani, bila viatu?

Wapo watakaosema kwamba, kama hali ni hiyo, basi wasichana wapumzishwe, wabaki darasani. Hoja hiyo siikubali. Kwa wasichana wengi kutoka familia maskini, kipawa cha mchezo ndicho kinachowalipia karo. Na hapa ndipo uzito wa jambo lenyewe ulipo. Msichana aliyepokewa shuleni kwa sababu ya miguu yake ataendelea kupokewa miguu hiyo ikilemaa? Mpango wa EduAfya, ulioanzishwa mwaka 2018 chini ya NHIF ili kuwagharimia matibabu wanafunzi wa shule za upili za umma, haupo tena. NHIF yenyewe ilipisha SHA mnamo Oktoba 2024, na sasa mwanafunzi hutegemea usajili na michango ya mzazi. Mzazi asipolipa, goti lililoumia kwa ajili ya shule huwa mzigo wa nyumba isiyo na kitu. Kombe hubaki kabatini mwa mwalimu mkuu. Maumivu huenda kijijini.

Dawa si ngeni wala ghali. FIFA ilieneza mazoezi ya kupasha mwili joto yachukuayo kama dakika 20, yasiyohitaji kifaa ila mpira. Utafiti uliofanywa nchini Norway kwa wasichana wa umri wa miaka 13 hadi 17, ukachapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba majeraha mabaya yalipungua kwa karibu nusu. Nchini Marekani, miwani ya kinga ilifanywa lazima kwa wasichana wachezao lakrosi mwaka 2004, na majeraha ya macho yakapungua sana. Kanuni ikiwekwa na kufuatwa, miili huokoka.

Kwa hiyo, kila shule yenye timu na iwe na daftari la majeraha, linaloandika ni kiungo gani, siku gani na katika uwanja gani. Kinga za muundi na za meno zihesabiwe pamoja na jezi, si baada yake. Mchezaji aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo, hata kama fainali inaponyoka. Waandalizi wa mashindano nao watenge siku za kupumzika, na shule ikubali kwa maandishi kwamba msichana aliyeumia akiichezea hatafukuzwa kwa karo.

Nanyi wanafunzi, goti likilia, semeni. Anayesema mapema hadeki. Anajilinda ili acheze tena. Sisi walimu tuna deni la kumsikiliza. Wahenga walituachia onyo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tofauti ni kwamba ukuta hujengwa upya kwa matofali, lakini goti la mtoto wa miaka 16 likishabomoka, halirudi kamwe kuwa lile alilozaliwa nalo.