Pau Moja Isiyo na Pau

MEZANI
Na Rashidi Mwinyikombo

Mchezaji wa briji akifungua mnada kwa "pau moja", mgeni atadhani ameshika pau tele. Pengine hana hata moja ya maana. Katika mfumo wa Precision, kauli hiyo humwambia mwenzake jambo moja tu: nina pointi 16 au zaidi. Ree huhesabiwa 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, na wengi huthubutu kufungua wakifikisha 12 au 13.

Wapo wanaouita huu ulaghai, nami nimechoka kuwasikia. Mlaghai ni yule anayemkonyeza mwenzake chini kwa chini. Kwenye briji makubaliano huandikwa kwenye kadi inayokaa mezani, na mpinzani akiuliza, mwenzake yule aliyetamka ndiye anayefafanua. Siri iko wapi?

Wala pau hii si uhuni wa juzi. Harold Vanderbilt, Mmarekani aliyetunga mwaka 1925 hesabu ya alama iliyoizaa briji ya leo, ndiye aliyeipigia debe. Baadaye C.C. Wei, mfanyabiashara wa meli, akabuni Precision, na mwaka 1969 timu ya Taiwan, ambayo hakuna aliyeitia maanani, ikafika nayo fainali ya Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia wa timu, kule Rio de Janeiro. Ilifungwa na Italia, ambayo nayo ilikuwa na mifumo yake ya pau.

Leo hiyo haimshtui mtu. Kinachofukuzwa ni pasi yenye nguvu, iliyopata mashabiki wakubwa Poland: mwenye karata nzuri husema "pasi", na mwenye karata mbovu ndiye anayelazimika kufungua. Kichwa chini miguu juu, nakiri. Shirikisho la Dunia limeiweka kundi moja na mbinu zisizo za kawaida kabisa, na mashindano mengi hayaipokei.

Hoja ni kwamba wapinzani hawapati nafasi ya kujiandaa. Kwa jioni ya klabu, ambapo unakutana na jozi kwa migao miwili mitatu kisha unahama meza, hilo nalikubali bila ubishi. Lakini mechi za timu zinazochezwa kutwa nzima ni habari nyingine. Huko mfumo upelekwe kwa wapinzani mapema, waruhusiwe kuja na kinga yao imeandikwa, waisome hata mnada ukiendelea. Asiyetaka kusoma asikingwe na kanuni.