Moteri nyingine ndani ya gari la zamani

Katika vikundi vyetu kuna nyumba zinazokula kwa gari moja tu, Hiace ya zamani ya kubeba watu na mihogo. Moteri ikikufa, baba anasema: "Tutatia nyingine hapa nyumbani." Feza inaombwa kwenye likelemba. Mbele ya kuitoa, tuulize mambo matatu.

Kwanza, ni moteri gani? Hiace nyingi za zamani za mazutu zina moteri 2L, ya sentimita za ujazo 2,446. Moteri 3L, ya 2,779, ni ya ukoo mmoja nayo, kwa hiyo kazi yake si kubwa. Kutoka esansi kwenda mazutu ni jambo lingine: hata nyuzi za umeme na mipira ya mafuta vinaguswa, na bei inapanda.

Pili, tuisikie ikiwashwa ingali baridi. Muuzaji aandike namba ya moteri kwenye risiti, maana kitu cha wizi kinaleta kesi nyumbani.

Tatu, watoto. Moteri inapita kilo 100: isitundikwe kwenye tawi la mwembe, ila kwenye mnyororo na miguu ya chuma. Betri ifunguliwe kwanza. Ijaribiwe nje, kwani moshi una gesi isiyo na harufu, na ndani ya chumba inaua. Mafuta machafu yasimwagwe karibu na kisima.

Feza ya likelemba ni jasho la wote. Tuitoe tukiwa tumeelewa.